Mtoto Asiyeitika Jina, na Kodi ya Baba Yake



Neno kodi halina rafiki kijijini. Wazee wetu hawajasahau siku zile mtoza kodi alipoonekana akija njiani, wanaume wakaingia migombani, na mama mwenye nyumba akajibu mlangoni kwamba bwana amesafiri tangu juzi. Kodi ile ya maendeleo, ya kutozwa kila kichwa, ilifutwa mwaka 2003, lakini woga wake ungali unaishi nasi. Kwa hiyo najua ya kuwa nikisema leo nitazungumza nanyi habari za kodi, wako watakaogeuza gazeti upande wa pili watafute hadithi. Ngojeni kidogo. Habari ya leo si ya kutoza bali ya kusamehe, tena ni habari ya watoto.

Jumapili moja, Misa ya pili ilipokwisha, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinifuata ofisini nilipokuwa nikihesabu sadaka pamoja na mzee wa kanisa. Alingoja tumalize, mzee akaondoka, ndipo akafunga mlango. Mtu akifunga mlango wa ofisi ya parokia mimi hudhani ni shauri la ndoa. Sivyo. Alisema ana mtoto wa kiume wa miaka saba. Hajasema neno, akiitwa haitiki, na usiku halali. Daktari wa hospitali amemwambia kwamba mtoto ana usonji. Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wengi. Sasa cherehani imefunikwa kitambaa, maana mtoto akiachwa hata kitambo kidogo hutoka akaelekea barabarani.

"Karani," akasema, "nimesikia ya kwamba nchi nyingine mzazi mwenye mtoto kama wangu hupunguziwa kodi. Mimi kila mwezi nakatwa kabla sijaiona shilingi. Je, kwetu iko fomu ya kujaza?"

Nikamjibu, "Mwalimu, nipe wiki chache niulize." Nimeuliza, nimesoma, na kwa kuwa najua yeye si peke yake, naona heri majibu yake niyaandike hapa, kila mwenye mtoto wa namna hii ayapate.

Kwanza tusemezane juu ya neno lenyewe. Usonji si wazimu, wala si ukaidi, wala si ububu, ingawa wako watoto wenye usonji wasiosema kamwe. Ni hali ya ubongo kukua kwa namna yake tangu utoto. Mtoto haioni njia rahisi ya kuzungumza na watu na kushirikiana nao. Hupenda jambo lile lile kwa namna ile ile. Huenda akapeperusha mikono, akazungusha kifuniko cha sufuria tangu asubuhi hata adhuhuri, akaziba masikio na kupiga kelele kengele ya kanisa inapolia. Wengine husema vizuri, husoma, wakikua hufanya kazi zao. Wengine watahitaji mtu wa kuwashika mkono maisha yao yote. Jina ni moja lakini watoto hawafanani.

Daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Kwa miaka mingi baada ya hapo wako wataalamu wa Ulaya na Marekani waliomlaumu mama, ati hakumpenda mtoto kwa moyo wa joto. Walikosea, na kosa lao liliwaliza akina mama wengi. Kwetu kosa hilo hilo limevaa nguo nyingine: watasema mama alivunja mwiko alipokuwa mjamzito, ama jirani ametupa kitu kwenye kizingiti. Huko na huku, anayelaumiwa ni mama.

Nami sina haki ya kumcheka mtu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, katika mazoezi ya kufundisha, nilikuwa na mvulana darasani ambaye hakuitika jina lake nilipoita rejista. Niliita mara tatu. Alikuwa akitazama dirishani. Nikadhani ni kiburi, nikamchapa. Hakulia, wala hakunitazama. Alirudi kutazama dirishani kama mwanzo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa namna ya kuandaa somo na kupanga ubao, lakini neno usonji nilikuwa sijalisikia. Jina la mtoto yule nalikumbuka mpaka leo, na nadhani ninyi walimu wenzangu wa zamani mnaosoma hapa mna majina yenu.

Sasa turudi kwenye kodi. Shida ya mzazi wa mtoto huyu ni kwamba ulemavu wake hauonekani. Mwenye mguu mbovu huonyesha mguu, na karani akaandika. Mtoto mwenye usonji ana sura nzuri kama wenzake, anakimbia kama swala, basi mtu wa ofisi atamwuliza mzazi, "Hana nini huyu?" Na gharama yake vile vile haionekani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 husamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa maalumu kwa watu wenye ulemavu, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto wa mwalimu wetu hahitaji kiti cha magurudumu. Anahitaji mtu wa kukaa naye mchana kutwa. Gharama yake ni ile cherehani iliyofunikwa kitambaa, na cherehani iliyonyamaza haitoi stakabadhi.

Siku zile nilipokuwa nikiuliza, nilipata ujumbe kwa simu kutoka Ireland. Binti mmoja wa parokia yetu ni muuguzi huko, na mwanawe alibatizwa hapa kwetu walipokuja likizo. Alitaka cheti cha ubatizo, maana kijana anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Nilipokuwa nikimwandikia cheti nikakumbuka ya kwamba mtoto yule ana usonji, basi nikamwuliza habari za kodi zao. Alinijibu kwa urefu, nami nimeyalinganisha maneno yake na sheria yenyewe. Amenipa ruhusa niandike, ila jina lake naliacha.

Ireland mzazi anayelea mtoto ambaye kwa sababu ya mwili au akili hataweza kujitegemea hupewa nafuu ya kodi kila mwaka. Mwaka 2023 nafuu hiyo ilikuwa yuro 3,300. Mwaka 2024 ikapandishwa kuwa 3,500. Na mwaka 2025 ikawa 3,800. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hukosea. Fedha hizi hazipunguzwi katika mshahara ndipo kodi ihesabiwe. Hupunguzwa katika kodi yenyewe. Tuseme baba amehesabiwa kodi ya yuro 7,000 kwa mwaka. Akiisha kupewa nafuu hii atalipa 3,200 tu. Mwenye watoto wawili wa hali hiyo huhesabiwa kwa kila mtoto. Na mzazi aliyechelewa kuomba huweza kudai hata ya miaka minne ya nyuma.

Lakini tuseme baba yule mshahara wake ni mdogo, na kodi yake ya mwaka mzima ni yuro 2,000. Nafuu itaifuta kodi yote, naye hatalipa kitu. Zile 1,800 zinazobaki je? Hapewi. Msamaha wa kodi hauwezi kuzidi kodi. Kwa hiyo mwenye mshahara mnono huipata nafuu nzima, na mwenye mshahara mwembamba huipata nusu, na asiye na mshahara hapati kitu, ingawa watoto wao wote hawalali usiku.

Wenzetu wale waliliona jambo hilo. Ndiyo maana mbali na nafuu ya kodi iko posho ya matunzo ya nyumbani, hulipwa mkononi kila mwezi kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 16 anayehitaji kutunzwa zaidi sana kuliko watoto wa umri wake. Mwaka 2025 ilikuwa yuro 360 kwa mwezi. Hawamwulizi mzazi ana mapato gani. Wanauliza mtoto anahitaji nini. Muuguzi wetu anasema kwamba nafuu ya kodi huisoma tu kwenye karatasi ya mshahara, bali posho ile huiona sokoni.

Yako mambo ambayo hakuniambia siku ile ya kwanza, nikayapata baadaye alipopiga simu. Ili kupata nafuu ya kodi, daktari hana budi kujaza fomu na kuthibitisha ya kwamba hali ya mtoto ni ya kudumu, na kwamba hata akitibiwa, akifika miaka 18 hataweza kujikimu mwenyewe. Soma tena, ewe mzazi. Kijana ana miaka mitano. Ameanza kutaja majina ya mabasi. Nawe unapeleka karatasi kwa daktari umwombe aandike kwamba mwanao hatajiweza.

Aliniambia karatasi ile ilikaa mwezi mzima katika saraka, chini ya sare zake za kazi. Mumewe alikuwa akisema, "Tukiandika hivyo, si tumemhukumu mtoto?" Naye mwenyewe ni muuguzi, amewaona vijana wenye usonji walioanza kusema wakiwa na miaka sita, na leo wana kazi zao. Basi aweke sahihi juu ya neno gani? Mwishowe walikwenda kwa daktari wote wawili, wakamweleza hofu yao. Daktari akawaambia kwamba karatasi ile husomwa na watu wa kodi, mtoto haisomi. Yeye ataandika anayoyaona leo, na mtoto akija kuwashinda wote kwa kusoma na kufanya kazi, hakuna atakayefurahi kuliko yeye, nao watawaarifu watu wa kodi wafute nafuu. Wakaijaza. Fedha walizorudishiwa walimlipa mtu wa kumfundisha kijana kusema.

Nami nasema wazi: sheria inayomtaka mzazi athibitishe kwamba mwanawe hataweza, ndipo impe nafuu, imetungwa na mtu ambaye hajalea. Ingetosha kuuliza leo mtoto anahitaji nini, kama ile posho inavyouliza. Lakini sheria ni hiyo, na mzazi anayekataa karatasi kwa ajili ya uchungu wa neno moja hamkomoi mtunga sheria. Anamnyima mtoto mwalimu wake.

India walishika njia nyingine. Sheria yao ya kodi ya mapato ya mwaka 1961 iliruhusu mzazi wa mtu mwenye ulemavu, na usonji umo, apunguze rupia 75,000 katika mapato yake ya mwaka kabla kodi haijahesabiwa. Na kama ulemavu ni mzito, 125,000. Hiyo hupunguza mapato yanayotozwa, haipunguzi kodi yenyewe, basi mwenye kutozwa kwa kiwango cha juu ndiye hufaidi zaidi. Huko nako ilikuwa ni lazima cheti cha daktari wa serikali.

Na jirani zetu wa Kenya? Wao walitangulia katika nchi zetu hizi. Sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iliruhusu mtu mwenye ulemavu aombe kusamehewa kodi ya mapato, na amri ya mwaka 2010 ikaweka kiasi: shilingi 150,000 za Kenya za kwanza katika kila mwezi zisitozwe. Ni kiasi kizuri. Ila tazameni, nafuu hiyo iliwekwa kwa mwenye ulemavu mwenyewe aliye na mapato. Mwalimu asiyeona aliipata. Lakini mtoto wa miaka saba ana mshahara gani? Mwenye mshahara ni baba, naye baba si mlemavu. Basi wazazi walibaki mlangoni, na wengi wao wamelilalamikia jambo hilo miaka mingi. Mwaka 2025 Kenya ilitunga sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Wasomaji wetu wa upande ule wasikae na maneno ya sheria ya zamani. Waende katika baraza la taifa la watu wenye ulemavu wakaulize sheria mpya inasema nini juu ya mzazi.

Sasa kwetu Tanzania Bara. Mwalimu wangu, jibu lako si tamu. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtazama mfanyakazi na mshahara wake tu. Shilingi 270,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi, na zinazozidi hutozwa kwa ngazi, kadiri mshahara unavyopanda. Haiulizi kama una watoto wanane au huna hata mmoja, wala kama mmoja wao anakimbilia barabarani. Fomu unayoitafuta haipo.

Nilipomwambia hivyo alicheka kidogo. Jumapili ile Paroko alikuwa amehubiri juu ya Mtakatifu Petro na watoza kodi ya hekalu, jinsi Bwana wetu alivyomwuliza kama wafalme huwatoza watoto wao ama wageni, na jinsi sarafu ilivyopatikana kinywani mwa samaki. Mwalimu akaniambia, "Karani, mimi samaki wangu bado sijamvua." Tukacheka wote. Halafu akauliza swali la maana: sheria hutungwa na nani? Hutungwa na Bunge, na bajeti ya Serikali husomwa kila mwezi wa Juni, mwaka wa fedha ukaanza tarehe 1 Julai. Mwenye neno lake na alifikishe kwa mbunge wake mapema, wala asingoje Juni yenyewe, maana wakati huo ugali umekwisha kusongwa. Walimu, wauguzi na maaskari wenye watoto wa namna hii wako kila wilaya. Wakiandika barua moja wakatia sahihi hamsini, itasomwa kuliko barua hamsini za mtu mmoja mmoja.

Lakini nawasihi, mkiandika msiombe nafuu ya mshahara peke yake. Nitaeleza kwa nini.

Mwezi uliopita nilikuwa nikitengeneza orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Desturi yangu ni kufungua kitabu cha ubatizo, kutazama waliofikia umri, kisha kulinganisha na orodha ya katekista wa kila kigango. Katika kigango kimoja cha mbali nilikuta jina la msichana wa miaka tisa ambaye hayumo katika mafundisho. Nikadhani wamehama. Nikamwuliza katekista, akajibu, "Wale wana watoto watatu tu." Kitabu changu kinasema wanne. Nikadhani amefariki, nikataka kuandika pembeni. Kitu kikanizuia, nikapanda baiskeli nikaenda.

Yuko hai. Alikuwa chumbani, mlango umefungwa kwa nje kwa kamba. Wazazi ni wakulima wa mahindi na maharage. Wakienda shamba hawana wa kumwachia, na mara mbili alikwisha kupotea, mara moja wakamkuta mtoni. Mama yake alinifungulia mlango huku akilia, akidhani nimekuja kumshtaki. Msichana alikuwa ameketi karibu na ukuta, akipanga maganda ya maharage kwa mstari ulionyooka kuliko mistari ya daftari langu. Hakunitazama. Hajapimwa na daktari yeyote. Kwa hiyo mimi sisemi ana usonji, si kazi yangu. Nasema tu kwamba nilikwisha kuona mtoto anayetazama hivyo, na safari ile sikuwa na fimbo mkononi.

Sasa nafuu ya kodi ya mapato ingewafaa nini watu hawa? Hawana mshahara, hawakatwi kitu. Ila msidhani kwamba hawalipi kodi. Mama yule hufua nguo za mtoto kila siku, na katika bei ya sabuni dukani imo kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Amelipa kimya kimya miaka tisa, wala hakuna fomu duniani ya kumrudishia. Kwa hiyo mkiandika barua kwa mbunge, andikeni mambo mawili: mwenye mshahara apunguziwe kodi, na asiye na mshahara apewe posho mkononi. Mkiomba la kwanza peke yake, mwalimu atasaidiwa na mkulima atasahauliwa, nao wanaketi benchi moja kanisani.

Na huku tukingoja, yako mambo ambayo yapo hata leo. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu hata ngazi ya kijiji. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, uulize kamati iko wapi, na mtoto aandikwe. Asiyeandikwa hahesabiwi, na wakati wa kugawa msaada wowote husemwa hayupo, kama katekista alivyoniambia mimi. Kisha halmashauri za wilaya hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni ushuru wenu wa sokoni unaowarudia. Kanuni zake zimebadilishwa mara kadhaa, basi mwulize afisa maendeleo ya jamii kama mzazi anayemlea mtoto mwenye ulemavu aweza kuingia katika kikundi. Lakini kumbukeni ni mkopo, na mkopo hulipwa. Asiyeweza kwenda shamba asijitwishe deni kwa kuwa tu halina riba. Shule nazo: baadhi ya shule za msingi zina vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu. Ofisi ya elimu ya wilaya ndiyo yenye kujua iliyo karibu nawe.

Popote utakapokwenda katika hizo, watakuuliza karatasi ya daktari. Ndiyo maana nimewasimulia habari ya ile saraka ya Ireland. Sisi huku hatuiweki karatasi sarakani; hatuendi kuichukua kabisa, kwa haya, ama kwa nauli, ama kwa kuwa tunatumaini mwaka ujao mtoto atasema. Atakaposema tutamshukuru Mungu. Karatasi haimzuii kusema. Mtangulie zahanati mpewe barua ya kwenda hospitali, na mchukue kadi ya kliniki ya utoto pamoja na cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti cha kuzaliwa na aje kwangu. Cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi serikalini, lakini husaidia kuonyesha tarehe, nami nitakiandika bila kuchelewa. Kabla ya kwenda, ketini usiku mmoja mwandike mnayoyaona: aliacha kusema lini, anaogopa sauti gani, analala saa ngapi, amepotea mara ngapi. Daktari atakuwa na mtoto kitambo kidogo tu, na siku hiyo huenda mtoto akatulia kama maji mtungini, ukaonekana mwongo.

Wazazi wa msichana walikuja ofisini Alhamisi iliyopita, wote wawili, na yeye katikati. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika parokiani tangu siku aliyobatizwa. Nilipokuwa nikiandika barua ya kuwatambulisha alivuta kidau cha wino wa muhuri, akabonyeza vidole vyote, kisha akavibandika pembeni mwa barua, kimoja kimoja, kwa mstari ulionyooka. Baba yake alitaka kumkemea. Nikamwambia amwache. Barua sikuiandika upya. Imekwenda hivyo hivyo na vidole vyake juu yake.

Watapanda basi la alfajiri Jumatatu. Nauli imetoka kwa jumuiya yao, na mwalimu wangu amejitolea kwenda nao, maana anaujua mlango wa daktari yule, na anajua pia pa kukaa na mtoto asiyependa kelele wakati wa kungoja zamu.